Pijo Yako Haikuwa ya Meja

Kombo, sahibu yangu,

Salamu ndefu sitazianza, maana nina kinyaa kooni, na nikianza kukuuliza hali huko uliko huenda nikatapika kabla sijafika kwenye jambo lenyewe. Dua nimekuombea alfajiri, hiyo ndiyo salamu yako ya leo. Sasa nisikilize.

Mwanao Faraji amekufanya boi.

Naam, umesikia sawasawa. Faraji wako, mtoto wa pekee, uliyemsomesha kwa kupandisha matofali kwenye maghorofa ya watu mpaka magoti yako yakaisha, amewatangazia walimwengu kwamba baba yake alikuwa dereva wa mzungu. Dereva! Wewe! Wewe uliyeugonga ukuta wa madrasa ukirudi nyuma, mchana kweupe, watoto wakatoka kukushangilia mpaka mwalimu akawafukuza kwa bakora! Mimi niliyeendesha lori la bandarini umri wangu wote ndiye niliyekufundisha gea, na wallahi sijapata kuona mguu mzito kama wako. Klachi ulizounguza naikumbuka harufu yake mpaka leo. Leo ati ulikuwa "dereva mwaminifu". Neno hilo "mwaminifu" ndilo linalonichefua kupita yote. Husifiwa hivyo mbwa wa kulinda mlango, si mwashi aliyejenga nusu ya nyumba za Likoni.

Ngoja nishushe pumzi, nikupe mambo kwa mpango.

Ulipoondoka, Mwanasha aliingia eda. Mjane wa watu akajifungia ndani na tasbihi yake, hatoki, hajipambi, hajui la nje. Gari lako, ile Pijo, lilikuwa palepale ulipoliacha, ubavuni mwa nyumba, chini ya lile turubai la kijani ulilolishona mwenyewe kwa uzi wa nyavu. Mwezi wa kwanza haujaisha, nikaja kumpa pole shemeji kwa mlangoni, nikaona turubai limelala chini tupu. Nikauliza. Faraji kamwambia mamake ati gari limepelekwa gereji, linatengenezwa kwa heshima ya baba. Mwanasha akafurahi. Alinambia nyuma ya pazia, "Shemeji, mtoto amekumbuka." Sauti yake ilikuwa na furaha ya kwanza tangu tukuzike.

Gereji yenyewe iko huku kwetu Magongo, mwendo mfupi kutoka kwa binti yangu ninakokaa siku hizi. Ndiyo maana Faraji alinijia mimi. Akaja na shikamoo tamu, na mahamri ya moto kwenye mfuko wa karatasi. Ningejua hapohapo. Huyu mtoto tangu aoe hajawahi kuniletea hata maji. Akanambia, "Ami Bakari, kuna tajiri mmoja wa Nairobi anakusanya magari ya kale. Yeye hanunui chuma, ananunua historia. Nitafutie gari limetoka kwa nani mpaka likamfikia baba."

Na mimi mjinga nikafurahi, Kombo! Nikaona hii sasa ndiyo kazi ya mzee. Nikavaa kofia yangu ya vito nikatoka.

Nilianzia Bombolulu, kwa Saumu, bintiye Bi Rehema mkunga aliyekuuzia wewe gari. Unamkumbuka Saumu, yule mwenye mguu wa polio aliyekuwa akitupigia kelele tusikanyage maua ya mamake? Anashona mikoba ya ngozi kwenye karakana kule, na amekuwa mama mtu mzima, ila kelele ni zilezile. Nilipomtajia gari alicheka mpaka akaweka sindano chini. Akanikumbusha jinsi Bi Rehema alivyokuwa akiendesha amekalia mto wa kitanda ili aone barabara, buibui limefungwa kiunoni, honi haina kituo, na wanaume wa barazani wakimgeuzia mgongo kwa sababu mwanamke anashika usukani. Saumu ndiye aliyenielekeza Kisauni. Alisema mamake alilinunua kwa marehemu Mzee Athmani wa vitambaa, wakati wakikaa huko, kabla hawajahamia kwetu Likoni.

Kisauni nikampata mjukuu wa Mzee Athmani, yuko dukani, kwenye vitambaa vilevile. Watu wale adabu zao hazijaisha. Sikuruhusiwa kutaja shida yangu mpaka ninywe kahawa na kula halua. Ndipo akanisimulia kwamba babu yake alilinunua jipya kabisa, akaenda mwenyewe Kilindini kulitazama likishushwa kutoka melini, akawa anawapigia makuli kelele kama kwamba wanamshushia mtoto. Lilikuwa rangi ya maziwa. Aliliendesha Ijumaa tu, kwenda msikitini na kurudi, siku nyingine limefunikwa shuka nyeupe. Kisha Bi Rehema akawa anawazalisha wanawe na wakwe zake, anakuja kwa miguu na mfuko wake hata mvua ikinyesha, na mzee akaona haya. Akamwuzia kwa bei ya kuoneana haya, ndivyo alivyosema mjukuu. "Mimi mwenyewe," akanambia, "ni mikono ya Bi Rehema iliyonitoa."

Basi historia ndiyo hiyo, Kombo, imekamilika. Mfanyabiashara, mkunga, mwashi. Nani ana gari lenye ukoo mzuri kama huo? Nilirudi Magongo natembea kama nimepanda cheo.

Nikamsimulia Faraji pale gereji, neno kwa neno. Nikamweleza na habari ya udi, kwa sababu yeye alikuwa mdogo hakuona. Kwamba Bi Rehema akimpakia mwanamke mwenye uchungu, mara nyingine mtoto hakungoja kufika, akazaliwa humo humo garini. Na kila aliyezaliwa humo, mamake akifika arubaini, anatoka na ndugu zake, wanakuja na chetezo, wanatia makaa na udi, wanakiweka ndani ya gari na kufunga vioo, kulifukiza lile gari kama chumba cha mzazi. Hawakufundishwa na mtu, walilianzisha wenyewe wanawake wa Likoni na likawa desturi. Ndiyo sababu kitambaa cha dari kimekuwa rangi ya chai, na ndiyo sababu gari likikaa juani linanukia.

Faraji alinisikiliza huku anatafuna ubani wake wa peremende. Halafu akakunja pua.

"Ami, mkunga? Nani atanunua gari la uzazi? Huo ni uchafu. Inatia kinyaa. Usimwambie mtu."

Uchafu. Neno lake hilo. Nilimtazama usoni, nikauma ulimi mpaka nikahisi chumvi ya damu. Unajua kwa nini niliuma ulimi. Wewe, mimi, Mwanasha na Bi Rehema tulikula yamini siku ile, na wawili kati yetu mko udongoni.

Sitaki kuisimulia siku ile, wewe ulikuwepo. Lakini tangu mambo haya yaanze naiona kila nikifumba macho. Feri iko upande wa pili, haina haraka, foleni imefika hadi kwenye maduka, na Mwanasha kwenye kiti cha nyuma ameshika mkanda wa mlango anamwita mamake. Bi Rehema akatoa kichwa dirishani akatutupia leso mbili, akasema, "Nyinyi wanaume, kazi yenu ni hii tu, nisitirieni mtoto wa watu." Tukasimama, mimi dirisha moja, wewe jingine, mikono juu, gari tumelipa migongo, leso zimening'inia. Watu wa foleni wakawa wanapita wanatuchungulia, na wewe ukiwafokea huku unalia. Kamasi mpaka kidevuni! Hukuweza hata kujifuta kwa sababu mikono ilikuwa kwenye leso, na pembe moja ilikuwa imekuponyoka inaning'inia, Bi Rehema anakutukana kutoka ndani. Halafu tukasikia sauti ya Faraji.

Mwanasha aliona aibu kubwa, kuzaa barabarani mbele ya kadamnasi. Akatuapisha tusiseme, hasa kwa mtoto mwenyewe, asije akataniwa shuleni. Tukaapa. Na Bi Rehema macho yalipomwishia, ukaenda kununua gari lile ukiwa huna hata kiatu cha maana, huku hujui hata kuliwasha. Nilikuambia umerukwa na akili. Ukanijibu, "Bakari, mwanangu kazaliwa humo, unataka likachukuliwe na nani?"

Basi huyo aliyezaliwa humo ndiye aliyekunja pua.

Wiki mbili tatu baadaye nikapita gereji. Nikakuta kibao kizuri cha mbao kimechorwa kwa maandishi ya kujikunjakunja, cha kusimamisha mbele ya gari. Kimeandikwa kwamba gari hili lilikuwa la Bwana Meja fulani, aliyeishi ufukweni Shelly Beach, mpenzi wa biri kubwa, na kwamba alipofariki alimwachia dereva wake mwaminifu, Kombo, kwa kumtumikia bila kuchoka. Meja! Hapakuwa na meja! Jina lake Faraji alilitoa kwenye kasha la biskuti, na hakuona haya kunambia, akacheka. Nikamwuliza, na dari je? Akasema, "Hilo limekaa vizuri sana, Ami. Moshi wa biri za Meja."

Udi wa mama zetu, Kombo. Wanawake waliotoka na damu yao na watoto wao wakiwa hai, wakachoma kitu kizuri kuliko vyote walivyokuwa navyo nyumbani. Akaufanya moshi wa mdomo wa mzungu ambaye hata hakuwepo.

Kisha akaniomba, mbele ya mafundi, nivae kanzu siku ya kulionyesha gari, nikae kwenye kiti pembeni kama shahidi. "Huna haja ya kusema, Ami. Wewe itikia kwa kichwa tu." Nilitema mate chini karibu na kiatu chake. Sijutii. Ningekuwa na mate zaidi ningemwongezea.

Mwanasha alitoka eda siku chache baadaye. Nikavuka kwenda Likoni kumpa mkono. Nilimkuta anachagua mchele kwenye ungo, na nilikusudia kusema kidogo tu, lakini kinywa kikafunguka nikamwaga yote, Meja, biri, kibao, na lile neno mwaminifu. Lile la uchafu nalo likanitoka. Hakuinua macho. Vidole vikaendelea kutoa chuya. Alipomaliza alipepeta mara moja, akaniuliza swali moja tu.

"Ni hoteli gani?"

Siku yenyewe ilikuwa Jumamosi, hoteli moja ya huko huko Shelly Beach, kwenye bustani. Gari wameling'arisha mpaka linaumiza macho, na kibao chake mbele. Lazima niseme kweli, lilikuwa zuri. Ungelia tena. Tajiri alikuja na marafiki zake, watu wa bara wachangamfu, glasi mkononi, wanasema Kiswahili kile cha kukimbiakimbia. Akaingiza kichwa garini, akavuta pumzi, akafumba macho. "Aisee, hii harufu! Hiyo ni sigara ya ukweli!"

Nikasimama. Nikasema kwa sauti, "Hapakuwa na Meja." Sikusema zaidi, kwa sababu ya yamini. Watu wakageuka. Faraji akanishika bega kwa upole, upole ule wa kumshika mtu aliyelewa, akawaambia wageni, "Mzee wetu huyu, umri umemchezea, anasahau." Wakanicheka kwa huruma. Nimetukanwa na mabaharia na mapolisi na makarani wa bandari, Kombo, lakini sijawahi kudhalilishwa hivyo, na mtoto niliyesikia kilio chake cha kwanza.

Ndipo tuktuk ikasimama getini.

Mwanasha akashuka na buibui jipya la kutokea eda, na kikapu chake. Hakumsalimu mtu. Akapita katikati ya wageni, akafungua mlango wa nyuma, akaingia, akakaa, akajitengeneza nguo vizuri na kuweka kikapu magotini. Faraji akakimbia, "Mama, shuka, watu wanatazama." Mamake akajibu, taratibu kama mtu anayeagiza chumvi:

"Baba yako amekufa na mirathi haijagawanywa. Mimi mke, sheria imenipa thumni, fungu moja katika manane. Thumni yangu ni kiti hiki cha nyuma, na nimeshakikalia. Mbele mwaweza kuuza."

Hakuna aliyecheka. Tajiri akauliza kuna shida gani. Mwanasha wala hakumtazama, alikuwa anamtazama mwanawe. "Na hapa nilipokaa, Faraji, ndipo nilipokuzaa. Feri ilikuwa upande wa pili. Huo uchafu uliousema ulikuwa wako."

Yamini ameivunja mwenye yamini, Kombo. Mimi sikuivunja.

Unadhani mambo yaliishia hapo? Akh! Yule tajiri akapiga makofi. "Mama, hiyo stori ni kali hata kuliko ya Meja! Tuweke zote mbili kwa kibao!" Na wenziwe wakatoa simu, wakazunguka gari, wakaanza kumpiga picha mjane wa watu kupitia vioo, huyu hivi na yule vile, "Mama, angalia huku." Mwanasha akajaribu kujifunika uso kwa mkono. Nilichukia mpaka nikaona giza.

Akaniita. "Shemeji Bakari, nisitiri."

Akatoa leso mbili kikapuni akanipa kupitia dirishani. Nikachukua moja, nikasimama mlangoni nimelipa gari mgongo, nikainua mikono, nikaiachilia leso ianguke juu ya kioo. Viwiko vyangu havinyooki tena, lakini nikashika. Na ile ya pili ikabaki juu ya paa la gari. Dirisha lako likawa wazi, Kombo. Wakahamia upande huo na simu zao wote. Sijapata kukutamani hivyo tangu tukulaze, hata siku ya mazishi sikukutamani hivyo.

Kisha nikasikia zogo nyuma yangu, na mtu anafoka, "Ondokeni! Ondokeni hapa, huyo ni mama yangu!" Nikageuza shingo. Faraji alikuwa amesimama mlango wa pili, mikono juu, ameshika leso. Kaishika vibaya, pembe moja imemponyoka inaning'inia. Machozi yanamtiririka na hana mkono wa kujifutia.

Sikumshukuru. Kinyaa hakiondoki kwa dakika moja, na mimi si malaika.

Tajiri aliondoka analalamika kwamba amepotezewa siku. Faraji akaliendesha gari mpaka nyumbani, mamake kiti cha nyuma, mimi mbele nikisikiliza anavyoikwaruza gea. Mguu mzito. Damu yako hiyo, pole.

Tulipofika, Mwanasha akamwamuru akivunje kile kibao kwa panga, vipande vidogo vya kuwashia makaa. Rangi yake ilitoa moshi mweusi wenye kunuka vibaya, tukakohoa wote. Tukaungoja ule moshi wa Meja uishe wote, ndipo shemeji akatia udi kwenye chetezo, akakiweka ndani ya gari na kufunga vioo. Faraji akasimama pale muda mrefu anatazama moshi unavyojaa. Halafu akanijia, bila mahamri safari hii, akaniuliza, "Ami, siku ile baba alikuwa wapi?"

Nimemwambia aje Ijumaa baada ya swala, aje na ndoo na sabuni, alioshe gari kwa mkono wake, ndani na nje, kisha akae nami barazani nitamwambia. Nataka angoje kidogo. Wewe ulingoja feri.

Naahidi, sahibu yangu. Maadamu nina pumzi, hakuna atakayekuita dereva wa mtu, na kila mwezi nitavuka kuja kulifukiza mwenyewe viwiko vikikubali. Na Ijumaa nitamwambia kila kitu, kilio chako na kamasi lako. Nitamwambia ulisimama mlango wa kulia, upande wa baharini, palepale alipokimbilia yeye bila kuambiwa na mtu.

Lala salama, Kombo. Dirisha lako lina mtu.

Mimi nduguyo,
Bakari